Gumegume langu na msimu wa baridi Pennsylvania

Jamani msimu wa kuwinda kulungu wa baada ya Krismasi hapa Pennsylvania, Marekani, ndo naupenda kuliko yote, maana kwa upande wa bunduki ni gumegume tu, yaani bunduki ya kizamani ya kushindilia inayowashwa na cheche za jiwe, na msimu wa gumegume ulianza 1974. Langu ni kaliba .50, yaani tundu la mtutu lina upana wa nusu inchi, mtutu mrefu, umbo lile la mafundi wa Kijerumani wa Lancaster wa karne ya 18, likikaa begani yaani raha tupu.

Natia baruti nyeusi greni 70 (kama gramu 4.5), naipima kwanza kwenye kipimo, simimini kutoka kwenye chupa hata siku moja, cheche moja ikibaki ndani ya mtutu chupa nzima inakulipukia mkononi, halafu kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, goroli ya risasi ya inchi 0.490 juu yake, nashindilia na mdeki mpaka ifike chini kabisa. Mdeki wangu una alama, nikiona alama haijafika mdomoni sipigi, goroli ikikaa mbali na baruti mtutu unaweza kupasuka.

Na jioni hata kama nimechoka vipi naosha mtutu na maji ya moto na sabuni, masizi ya baruti nyeusi yanaleta kutu usiku huohuo.