Seva inaita, ruta haisikii

Jana usiku ndo kwanza nimekaa na chai na mkate wa ajemi, simu ikalia. Bi mmoja wa Wete, mteja wetu wa intaneti, ana nyumba ya wageni: “Mwanangu, nshalipa megabiti 20, mbona napata zile zile 5?”

Malipo yanaonesha 20. Seva ya RADIUS, ile inayoiambia ruta kila mteja apewe spidi gani, 20. Naingia kwenye ruta yetu, sesheni yake ya PPPoE (muunganisho wake ulio hewani) bado ina sera, yaani kikomo cha spidi, ya 5, pakiti zinazozidi zinatupwa tu. Nikamwambia azime modemu, awashe. Ikawa 20, akaniombea dua, akakata.

Mimi ndo usingizi ukaruka. Sesheni mpya inapata sera mpya, iliyo hewani haipati. Basi amri ya kubadilisha haifiki kwenye ruta. Nikanasa pakiti: seva inatuma amri kwenye poti (mlango wa namba) 1700, kama ilivyotaka ruta ya zamani. Hii tuliyofunga juzi inasikiliza 3799. Hakuna aliyeiambia seva (aliyeifunga ni mimi, haya).

Namba moja tu nikabadilisha, chai ishapoa.

Na wale waliomaliza vifurushi siku hizo, amri ya kuwapunguza nayo isifike, wakabaki na spidi kamili? Hakupiga simu hata mmoja.