Vitwitwi wa Msimbati

Nilifika Msimbati saa mbili asubuhi, darubini shingoni, nikakuta bahari imejaa mpaka kwenye mikoko. Ndege hakuna. Nilihesabu nauli, nikahesabu maji ya kunywa. Kupwa na kujaa sikuhesabu. Na bodaboda aliyenileta toka Mtwara mjini alishaondoka.

Chini ya mnazi alikaa bibi mmoja na ndoo tupu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unasubiri mashua?"

"Nasubiri ndege."

Akatazama juu angani. Nilipomweleza kuwa ni wale wenye mabawa, wanaotafuta chakula ufukweni, akacheka. "Hao na mimi chakula chetu kimoja. Maji yakitoka utawaona."

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, jasho linanitiririka. Wengi wa ndege niliowasubiri, baridi ya kwao Siberia, huko Urusi, ndiyo inayowaleta huku.

Saa tano fungu la mchanga likaanza kuchomoza. Wakaja vitwitwi kwanza, ndege wadogo wa ufukweni, makumi kwa makumi, wakikimbia ukingoni mwa maji. Wenye mdomo uliopinda kidogo ndio wa Siberia, wanaozaliana kwenye tundra kabisa, nyika ya baridi isiyo na miti. Kisha sululu, na mdomo wake uliokunjika kama sululu ya kuchimbia. Atakayeniambia nani alimwazima mwenzake jina, nitamnunulia dafu.

Lakini niliyekuja kumwona hasa ni mla kaa. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama wa kuvunjia njugu. Huzaliana pwani za Uarabuni na Somalia, akichimba shimo mchangani kama panya na kutaga humo yai moja jeupe. Joto la mchanga humsaidia kuatamia. Nilimwona mmoja amesimama kimya, kisha mbio hatua tatu, mdomo ukazama, ukatoka na kaa. Akamtikisa mpaka miguu ikamruka mmoja mmoja.

Hakummeza. Nyuma yake alikuwepo mwingine wa kijivujivu, kimo kile kile, akipiga miluzi bila kukoma. Kinda. Wamesafiri wote masafa yale, na bado analishwa.

Nikampa bibi darubini. Ilimchukua muda kufumba jicho moja, ingawa nilimwambia afumbue yote mawili.

"Huyu mkubwa hivi ni mtoto?"

"Ndiyo, bibi."

"Na anaomba?"

"Anaomba."

Akanirudishia darubini. "Ninaye mmoja wa hivyo nyumbani," akasema, akachukua ndoo yake akashuka kuokota chaza.