Taya Isiyokwenda Upande

"Baba, mbona mbwa akitafuna mfupa analaza kichwa upande?" Nilimjibu mwanangu kwamba meno ya kukatia yako nyuma, ubavuni mwa kinywa, hivyo mfupa sharti aupeleke huko. Akaridhika, akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki na ile meza ya mafuvu ya mtihani wa zamani kichwani.

Zoolojia niliipenda, mitihani yake ya vitendo ndiyo tulikuwa hatupatani. Siku ile mwalimu alikuwa ameyafunika majina yote kwa karatasi, na swali lilikuwa moja tu: huyu alikuwa anakula nini? Ng'ombe na swala niliwapita mbio. Nikafika kwa fisi madoa, nikatia nanga.

Fuvu lile lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Juu ya utosi ulipita ukingo wa mfupa uliosimama wima. Hapo ndipo hujishika msuli wa panja, ule unaofunga taya. Nikaipachika taya ya chini mahali pake, nikajaribu kuisukuma kulia, kisha kushoto. Wapi! Kiungo chake ni pingili iliyolala kukingama ndani ya mfereji: kufungua na kufunga, basi. Ng'ombe husaga kwa kwenda upande. Huyu hana ruhusa hiyo. Nikaifunga polepole. Gego la juu likateremka likikwaruza ubavu wa gego la chini, kuanzia nyuma kuja mbele, kama mkasi. Mbele ya hayo yalikuwapo mengine manene, ya kuvunjia mifupa, ncha zake zimelika zikawa bapa. Mwenye meno hayo hakuyabakiza.

Aliyefuata alikuwa jamaa yake wa ukoo, fisi mdogo mla mchwa. Chonge bado anazo, ila magego yamesinyaa yakawa vijiti vilivyoachana. Kazi yote inafanywa na ulimi, na gego lisilo na kazi halina wa kulitetea, kizazi baada ya kizazi.

Kisha panda, yule dubu mweusi kwa mweupe. Chonge: nyama. Ukingo wa utosi: nyama, au angalau kitu kigumu. Kiungo: nyama tupu, hakiendi upande. Lakini magego yake mapana yamejaa vinundu, ya kupondea mianzi. Mababu zake walikuwa wala nyama, na mageuzi hayakumtengenezea taya mpya. Yaliipanua ile ile ya urithi na kuitia misuli.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu.

"Kiungo kinasemaje?"

"Nyama, mwalimu."

"Na magego?"

"Mianzi."

"Wewe unamwamini nani?"

Nikasema magego, maana yanagusa chakula kila siku. Akaguna, akaandika kitu, akahamia kwa mwenzangu. Karatasi iliporudi nilikuta nusu alama, bila neno. Hadi leo sijui nusu ya pili ilizuiliwa na kiungo au na zile chonge nilizosahau kuzitaja.