Shaka yako inatoka wapi? Somo kutoka kwa Asafu

Muumini akimwendea kiongozi wake na kusema, "Siku hizi sina hakika kama Mungu ananisikia," mara nyingi hupata moja kati ya mawili: atakemewa pepo la shaka, au atasomewa Yakobo 1:6, ule mstari unaomfananisha mwenye shaka na wimbi la bahari. Mstari ni wa kweli, lakini umekatwa na wenzake. Ule unaoutangulia unasema Mungu huwapa hekima wote wanaomwomba, kwa ukarimu, wala hakemei. Na mstari wa 8 unamtaja mwenyewe anayelengwa: mtu wa nia mbili, anayeomba huku moyoni ameshaamua mengine. Anayeuliza kwa kuwa anataka kujua ni mtu tofauti kabisa.

Anayekemewa hajibiwi, hunyamaza tu. Ataendelea kuimba, kutoa ushuhuda, pengine hata kufundisha, na swali lake liko palepale. Miaka ikipita watu husema fulani amerudi nyuma ghafla. Ghafla ya wapi?

Biblia haioni haya kwa jambo hili. Mathayo 28:17 inasema wanafunzi walipomwona Yesu aliyefufuka walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Mistari inayofuata ndiyo ya Agizo Kuu, la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi. Waliotumwa ni haohao, na hakuna aliyewekwa pembeni mpaka shaka imwishe. Yohana Mbatizaji naye, akiwa gerezani, aliwatuma wanafunzi wake wakaulize kama Yesu ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine. Yesu alimrudishia habari za vilivyokuwa vikionekana na kusikika: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, maskini wanahubiriwa. Kisha akawageukia makutano na kumsifu Yohana kuliko wote waliozaliwa na wanawake.

Sasa upande wa pili, ambao wenye shaka wengi hawapendi kuusikia. Shaka nayo inaweza kujaa kiburi. Mtu anayetilia shaka maandiko, kanisa, mchungaji na wazazi wake, ila hajawahi kuitilia shaka akili yake mwenyewe, bado hajaanza kuuliza. Ndiyo maana kabla ya kitabu chochote cha kutetea imani, mwenye shaka asome kwanza Zaburi ya 73, taratibu, mistari yote 28.

Asafu, mwenye zaburi hiyo, hakuwa mwongofu mpya. Alikuwa mkuu wa waimbaji mbele ya sanduku la agano. Malalamiko yake ni mazito: waovu wananenepa, hawapati taabu, nao wanauliza Mungu anajuaje, wakati yeye amejisafisha moyo bure. Ni swali halali kabisa. Lakini mapema, katika mstari wa 3, ameshataja lilikoanzia: aliwaonea wivu wenye kujivuna. Yote mawili yanasimama pamoja. Swali ni la kweli, na chanzo chake ni wivu. Unyenyekevu haumwambii afute swali. Unamwongezea la pili kuhusu yeye mwenyewe.

Angalia pia anavyolibeba. Mstari wa 15 unaonyesha hakulimwaga mbele za watu likiwa bado bichi, maana angewaumiza wengine. Mstari wa 17 anaingia patakatifu pa Mungu. Mstari wa 22 anakiri alikuwa mjinga, kama mnyama. Baada ya hapo ndipo jambo lote likawa wimbo wa watu wote, wivu wake ukiwemo. Kwa hiyo hakuficha, alisubiri liive. Anayeandika kila wasiwasi wake mtandaoni usiku uleule ulipomjia ajifunze hapo.

Kwa vitendo, chukua karatasi uandike shaka yako kwa sentensi moja. Ukishindwa, huenda bado si swali. Ni uchovu au maumivu yaliyovaa nguo za swali. Chini yake andika ilianza lini, na wakati huo nini kilikuwa kinaendelea maishani mwako. Mara nyingi utaona inaangukia kwenye akili, jeraha, dhambi au uchovu. Makosa mengi hutokea hapa, watu wanapotibu kimoja kwa tiba ya kingine.

Swali la akili, kwa mfano kwa nini Injili nne hazisimulii asubuhi ya ufufuo kwa namna ileile, halijibiwi kwa kufunga siku tatu. Linataka kusoma, na mtu aliyesoma. Chagua swali moja tu, ukae nalo kwa wiki kadhaa. Anayeruka kutoka video moja hadi nyingine saa nane za usiku hujikusanyia maswali arobaini asiyojibu hata moja, kisha huuita uchovu wake ukosefu wa imani.

Jeraha ni kinyume chake. Mtu aliyeomba uponyaji wa mtoto na akaishia kuzika, ukimpa hoja unamwongezea kidonda. Mpe Zaburi ya 13. Ina mistari sita: miwili ya kulalamika, ambamo "hata lini" inarudiwa mara nne, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Aandike yake kwa mpangilio huohuo, hata kama sehemu ya mwisho itabaki wazi kwa miezi. Kosa la kawaida ni kumvuta aanze na mstari wa 5, ule wa furaha, kabla hajamaliza kulia.

Kuhusu dhambi: kuna shaka inayobisha hodi wiki ileile mtu anapoanza jambo asilotaka kuliacha. Hiyo jipimie mwenyewe. Usimpimie mwenzako, kwani marafiki wa Ayubu walifanya hivyo, na katika Ayubu 42:7 hasira ya Mungu iliwawakia wao.

Uchovu ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Katika 1 Wafalme 19, Eliya ameomba afe. Malaika hamhubirii. Anamwamsha, kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena, anaamshwa mara ya pili, anakula. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja baadaye, Horebu, baada ya safari ya siku arobaini. Inyasi wa Loyola, padre aliyeanzisha shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, aliweka kanuni inayofaa hapa: wakati wa ukavu wa roho, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Usijiuzulu huduma, usivunje uchumba, usihame kanisa wiki hiyo. Lala kwanza.

Neno moja kuhusu unyenyekevu wa bandia, maana umejaa. "Mimi si kitu, sijui lolote" mara nyingi ni mlango wa kukwepa kazi au kuomba sifa. Yule Farisayo wa Luka 18 alianza na shukrani, na kufunga kwake mara mbili kwa juma kulizidi kile Torati ilichoagiza, yaani kufunga Siku ya Upatanisho peke yake. Kwa nje hana kasoro, ila moyoni alijiona bora kuliko wengine. Kipimo ni kingine: unapokea vipi marekebisho kutoka kwa mdogo wako? Inakuchukua muda gani kutoka kukosea hadi kuomba radhi? Unaweza kusema "sijui" mbele ya darasa la Biblia bila kuongeza maelezo? Hapo ndipo ukuaji unapoonekana, hata kama maswali yako hayajapungua.

Na ukiwa wewe ndiye unayeendewa, Yuda 22 inasema wahurumieni walio na shaka. Sikiliza mpaka amalize. Muulize ilianza lini. Uliza analala na kula vipi, maana Eliya alikuwa anataka kufa. Mtu akisema hivyo, au akionekana hivyo, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo huku mkiendelea kuomba. Kama hujui jibu, mwambie hujui, na umtaje utakayemuuliza. Omba naye kwa ufupi, bila kuhubiri ndani ya maombi. Kabla hajaondoka, pangeni siku ya kukutana tena, na ufike.