Siku tulipoikataa lumbesa Umalila

Mwaka 2016 nilikuwa bibi shamba kule Umalila, milimani juu ya Mbeya, nafanya kazi na kikundi cha wakulima wa maharage. Watu wanaosema mkulima wetu hajui kulima huwa wananiudhi kwa kweli, wale kina mama kulima walikuwa wanajua, tulichoongeza ni vitu vichache tu, mbegu moja ya Uyole Njano badala ya kuchanganya rangi zote shambani maana tajiri, yule mnunuzi wa jumla, akikuta mchanganyiko bei inashuka hapohapo, halafu kupanda kwa mstari, sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo. Mavuno yakaja mazuri sana. Kazi ikabaki kwenye kuuza.

Kama hujawahi kuona lumbesa, gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake wanashonea kipande kingine wanajaza tena, linakuwa kama limebeba mtoto kichwani, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria inasema mwisho kilo 100, na wote wanajua, ila fuso ikishafika kijijini na wewe unadaiwa ada, hiyo sheria utamsomea nani?

Basi mwaka ule tukakubaliana mzigo wote unakusanywa stoo moja na unauzwa kwa kilo, mzani tukaazima. Sasa Juni kule ni baridi, ukungu unakaa mpaka saa tano asubuhi, maharage yanachelewa kukauka. Kipimo cha unyevu hatukuwa nacho tukawa tunatumia chumvi: unachukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, unatia maharage na chumvi kavu kidogo, unatikisa vizuri, unaiacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa ujue maharage bado mabichi, ikiwa inatiririka chini yenyewe, ingiza stoo.

Mama mmoja akaleta magunia yake, chumvi ikaganda. Nikamwambia, "Mama, haya bado." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mtoto wangu karudishwa kutoka shule kwa ada, yuko nyumbani, hayo maji si yatakaukia hukohuko Dar?" Iliniuma jamani. Lakini gunia bichi likikaa na mengine linaota ukungu na mzigo mzima unakosa bei, ningemkubalia yeye ningewaumiza wote. Walioniokoa ni wanakikundi wenyewe, wakamkopesha ada kutoka mfuko wa hisa, wakamwazima na turubai aanike upya.

Tajiri akaja na fuso na vijana wake, wana debe na sindano zile ndefu za kushonea. Kuona mzani akacheka, "Mzani wa nini, si tunajuana miaka yote?" Mwenyekiti wetu, mzee mpole sana, akamjibu, "Mdogo wangu, karibu chai, ila kabla ya yote waambie vijana wajaze gunia moja mnavyojazaga." Wakajaza, wakashona, wakaliinua kwenye mzani. Kilo 128! Yaani watu walipiga kelele pale, kina mama wanaulizana kwa Kimalila, wengine wanahesabu kwa vidole magunia waliyouza mwaka jana na mwaka juzi. Tajiri akakasirika, akasema anaenda kijiji cha pili, akaondoka na fuso yake tupu.

Ule usiku sikulala. Si rahisi kuwaambia watu wenye shida za leo wasubiri, na asubuhi wawili walikuja kutaka magunia yao wakauze kivyao, mwenyekiti akakaa nao mpaka wakapoa.

Tajiri akarudi. Fuso inakula dizeli na huko alikoenda alikuta rangi mchanganyiko, na wateja wake wa soko la Tandale, Dar, wanataka njano tupu. Tukapima gunia moja moja, kila mtu anaandika kilo zake kwenye daftari lake mwenyewe, na yule mama magunia yake yalikuwa yameshakauka yakaingia kwenye mzigo huohuo. Akalipa deni la ada palepale, na mbegu ya msimu uliofuata akaihifadhi kwenye mfuko wa PICS, ule wenye plastiki mbili ndani, ukiufunga vizuri wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa.

Msimu uliofuata tajiri alipiga simu maharage yakiwa bado na maua, anauliza mzigo utakuwa tayari lini na kama mbegu ni ileile.