Babu aliyerudi kutoka Saio: namna ya kuandika historia yake bila kumvalisha vita visivyo vyake

Watu wa Bukavu hupita kila siku karibu na kambi ya Saio, na wengi hudhani ni jina la mzungu fulani. Saio ni mji wa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembidolo. Huko, tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji. Waliobeba bunduki upande wa Gilliaert walikuwa vijana wa Kongo, na baadhi yao walizeeka hadi kupita miaka 90 hapa hapa kwetu. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvika nishani kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100. Wengine karibu wote wamekwisha kuzikwa.

Shida ni kwamba historia ya babu huandikwa usiku wa kilio, na wajukuu wawili wanaosinzia, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Kesho yake kanisani inasomwa kwamba marehemu alipigana na Hitler huko Ulaya. Hapana. Force Publique haikupigana Ulaya.

Anza na umri, maana hapo ndipo mengi yanapopotea. Kitambulisho cha mzee wa rika hilo huandikwa "né vers 1920" (alizaliwa kuelekea 1920), na hiyo "vers" yaweza kuficha miaka mitano. Daftari la ubatizo la parokia ni bora zaidi: lina tarehe, majina ya wazazi na ya msimamizi, na pembeni mara nyingi padri aliongeza ndoa. Pasipo daftari, tumia matukio. Volkano ya Nyamulagira ilitapika kuanzia 1938 hadi 1940, na uji wake wa moto ukaingia Ziwa Kivu upande wa Sake. Muulize mzee wakati huo alikuwa anachunga, anachumbia, au amekwisha kulipa ng'ombe wa mahari. Jibu la mahari halidanganyi sana.

Kisha jina. Mwaka 1972 Mobutu alifuta majina ya Kikristo, kwa hiyo kijana aliyeandikishwa kwa jina la ubatizo anaweza kuwa na kitambulisho cha baadaye chenye jina jingine kabisa. Tena karani wa Kibelgiji aliandika Kimashi, lugha ya Washi, kama alivyokisikia: jina linaloanza na "Ci" utalikuta "Tshi", "Chi", hata "Ki", na "rh" hubaki "r" tupu. Andika sura zote ubavuni, na mbele yake weka namba ya matrikule, yaani namba yake ya jeshi, kama ipo popote: kwenye kitabu cha askari, nyuma ya picha, kwenye karatasi ya kuagwa jeshini. Jina hubadilika, matrikule haibadiliki. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka mtu akienda kuuliza kwenye nyaraka za Brussels.

Sasa vita vyenyewe. Usimuulize mzee "ulipigana wapi?" Atakujibu "mbali", na ni kweli. Uliza alipanda nini, alikula nini, alilala juu ya nini. Aliyetaja malori hadi Juba, kisha mashua za Nili, kisha mji wa Gambela, huyo alikwenda Abisinia (Ethiopia ya leo) mwaka 1941. Asosa ilichukuliwa Machi, Gambela vilevile Machi, halafu ikafuata miezi ya kukaa na posho pungufu chini ya milima ya Saio. Ukisikia habari za kuhara damu na miguu kuvimba kwa beriberi, usiviruke kwa kuona aibu. Ndivyo vilivyoua wenzake wengi. Anayesimulia Nigeria na safari ndefu ya barabara bila kufyatua risasi yuko sawa, hajasahau: kikosi kile kilipelekwa 1942 kikingoja vita ambavyo havikuja, halafu wengine wakasogezwa Misri na Palestina. Na anayetaja Burma kwa kawaida alikuwa wa hospitali ya vita: muuguzi, mbeba machela, dereva. Familia nyingine hulificha hilo kana kwamba machela ni kazi ndogo.

Kuna kosa linalojirudia mno: Tabora. Mji huo wa Tanzania ya leo ulichukuliwa na Force Publique Septemba 1916, katika vita vya kwanza. Mzee aliyezaliwa kuelekea 1920 hakuwapo. Hiyo ni hadithi ya baba yake aliyoirithi pamoja na kofia. Kosa la pili ni cheo. Hadi uhuru wa 1960 hakukuwa na ofisa Mkongomani katika Force Publique. Ukiandika kwamba babu alikuwa kapiteni mwaka 1941, umefuta ukaporali wake wa kweli.

Kurekodi kwa simu: asubuhi, kabla ya mvua, kwa sababu mvua juu ya manjanja (mabati) hufunika kila sauti. Simu iwe kwenye mto, hatua moja kutoka mdomoni, wewe ukae upande wa sikio lake zima. Dakika 40 zinatosha, baada ya hapo mzee anaanza kukubali kila unachomuuliza. Akiingia Kilingala usimkatize, ndiyo lugha ya amri aliyofundishwa kambini. Nakili sauti mahali patatu siku hiyo hiyo, maana simu huibwa.

Karatasi za zamani usizipeleke kuplastifiwa. Ile mashine ya moto hufungia unyevu ndani, na wino wa zamani unaweza kufifia kabisa. Zipige picha karibu na dirisha bila flashi, kisha zikae katika bahasha ya karatasi, si sachet ya plastiki. Nishani nazo msizisugue kwa majivu: herufi huliwa, na utepe uliochakaa uacheni ulivyo, rangi zake ndizo zinazosema ni nishani ipi.

Miaka isiyojulikana iachwe wazi kwenye maandishi: "1945–1951, haijulikani". Na nyuma ya picha tumieni penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Bic hupenya, na baada ya miaka michache mstari wake unatokea kwenye uso wa mzee.