“Mpaka lini, Mwalimu?”

Wiki hii mhadhiri wa chuo alikuja kunitathmini katika mazoezi yangu ya kufundisha akaridhika, na mjomba akatoka hospitalini salama, lakini kinachoninyima usingizi ni neno moja la yule kijana wa Gredi ya 7 niliyewasimulia juzi, anayeketi dirishani na ambaye kusoma bado kunamshinda.

Jumanne, baada ya kipindi cha ufahamu, nilimwita wenzake walipokwisha kutoka. Nikamwambia tungekutana saa ya chakula cha mchana tusome taratibu, sisi wawili tu. Alinyamaza, akawa anakunja na kukunjua pembe ya daftari lake, kisha akauliza, “Mwalimu, wewe utakuwa hapa mpaka lini?” Nikamjibu kwamba mazoezi yangu ya kufundisha yanakwisha muhula ukifungwa. “Hata yule wa mwaka jana alikuwa anifundishe,” akasema. Halafu akaongeza, “Sawa.”

Sawa hiyo haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningejua pa kuishika. Aliitamka kama mpangaji aliyeahidiwa kwamba maji ya mfereji yatarudi kesho. Nimeirudia kichwani nikipika, nikisahihisha madaftari, nikiwa ndani ya matatu; na kila nikiirudia naona kwamba mtoto huyu hakuwa akinikataa, alikuwa akipima kama inafaa kuanza.

Kundi lake ndilo lililokuwa Gredi ya 1 shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, muhula wa kwanza haujaisha, likarejea Januari 2021 likiwa limepoteza miezi ile ile ya kuzizoea herufi. Wengi waliliziba pengo hilo. Yeye husoma silabi nyepesi vizuri, ila akikutana na mbw au ngw hukwama, na afikapo mwisho wa sentensi huwa amesahau ilivyoanza. Tuna vipindi 4 vya Kiswahili kwa wiki, vya dakika 40, katika darasa lililojaa hadi mlangoni. Katika muda huo sijui ni wapi ningemfundisha mtu mmoja silabi bila wenzake kumcheka. Vitabu anavyoviweza navyo ni vya watoto wadogo, vya paka na vikapu, ilhali sauti yake imeshaanza kuwa nzito. Nisingethubutu kumpa.

Lakini Alhamisi alikuja! Nilikuwa nimekata habari fupi kutoka kurasa za michezo za Taifa Leo, kwa kuwa yeye ni shabiki sugu wa timu ya soka ya Gor Mahia. Alisoma kidole kikiwa chini ya mstari, akijikwaa, mpaka alipofika kwenye “Ingwe”, akalipita jina hilo la utani la mahasimu wao, AFC Leopards, bila kusita. Nikaifunika ile I ya mwanzo, nikamwonyesha herufi zilizobaki, kisha nikaandika “jangwa” pembeni. Midomo ikacheza kwanza. “Ja… ngwa. Jangwa.” Akaniuliza kama anaweza kwenda na kile kipande cha gazeti nyumbani. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Nimeanza kuandika katika daftari moja silabi anazozijua na zinazomshinda, ili atakayempokea asianzie mwanzo. Mwalimu wao wa Kiswahili ana Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 peke yake, na bado natafuta namna ya kumwomba aongeze mtoto mmoja wa saa ya chakula. Nitazungumza naye Jumatatu kabla ya gwaride. Jumanne ni siku ya kodi ya nyumba, na pesa za mkopo wa masomo hazijaingia.